Picha ya angani na mpaka wa jirani: majibu ya mpimaji

Shikamoo mpimaji. Nilisimama na simu kwenye bikoni yangu ya kwanza, ile alama ya zege ya kona ya kiwanja, nikaweka alama kwenye Google Earth, nikafanya hivyo kwenye ya pili, halafu nikachora mstari. Ukuta wa jirani umeonekana umekula bustani yangu ya mchicha kama mita mbili na nusu. Niipeleke picha serikali ya mtaa? (Msomaji, Goba, Dar es Salaam)

Marahaba. Usiipeleke bado. Simu ya kawaida, hata mahali pa wazi, hukosea mita tatu hadi tano, na karibu na ukuta au chini ya mwembe hukosea zaidi. Picha ya setilaiti nayo haikulazwa juu ya ardhi sawasawa. Inaweza kusogea mita kadhaa. Ukijumlisha makosa hayo mawili, mita zako mbili na nusu zinamezwa.

Lijaribu hili mwenyewe. Fungua Google Earth kwenye kompyuta, bonyeza alama ya saa, kisha rudi nyuma mwaka hadi mwaka ukiitazama kona moja ya nyumba yako. Utaiona inaruka huku na huko, na nyumba haijawahi kuhama.

Lakini ndugu yangu, umesema bikoni zote mbili zipo. Basi nunua kamba ya fundi, mwite jirani na mjumbe, mkaivute kutoka bikoni hadi bikoni. Kama kuna kitu kati na kamba haipiti, mpimaji atalimaliza hilo kwa saa chache. Nimeona majirani wakiacha kusalimiana miaka mingi kwa sababu ya mstari uliochorwa kwenye simu, na bikoni zao ziko palepale kwenye nyasi, hakuna aliyezifyekea. Jambo hili linaniuma.

Bikoni moja haionekani tangu greda lilipochonga barabara. Zamani kulikuwa na uzio wa miti kati yetu, jirani akaung'oa. Picha za zamani zinaweza kunisaidia? (Msomaji, Kibaha)

Hapa ndipo picha inapofaa kweli. Kazi yake ni kukumbuka kilichokuwepo.

Tafuta picha iliyo wazi ya mwaka ambao uzio ulikuwepo. Usiulize uzio uko kwenye namba gani za mahali duniani (latitudo na longitudo), maana picha nzima inaweza kuwa imesogea. Pima ndani ya picha hiyohiyo: kutoka kitu ambacho hakijahama hadi kwenye uzio. Kona ya nyumba ya zamani, tangi la zege, kaburi lililojengewa. Chukua vitu viwili au vitatu, kisha nenda uwanjani na futi kamba ukapime umbali uleule.

Angalizo kubwa: unachokiona juu ni bati, na bati hutokeza nje ya ukuta. Tena setilaiti mara nyingi hupiga picha kwa ubavu, hivyo nyumba ndefu huonekana imelala upande mmoja. Pimia chini, pale ukuta unapogusa ardhi, na usiuchanganye uzio na kivuli chake. Picha nzuri za setilaiti tunazoziona bure huonyesha vitu vya kuanzia sentimita 30 hadi 50 hivi, kwa hiyo jiandae kukosea kama mita moja.

Mita moja hiyo haitoshi kugawa ardhi, lakini inatosha kujua pa kuchimba. Bikoni nyingi zinazosemwa zimepotea zimefukiwa tu. Chimba taratibu kwa jembe dogo, jirani akiwepo. Ukiiona zege au nondo yake, usiiguse wala kuinyoosha. Kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai. Isipoonekana, anayeirudisha ni mpimaji aliyesajiliwa, kwa kufuata ramani ya upimaji iliyoidhinishwa.

Nimepewa ramani ya upimaji yenye namba za mahali kila bikoni ilipo. Nikiziingiza kwenye Google Earth, kiwanja kinaangukia mtaa mwingine kabisa. Nimetapeliwa? (Msomaji, Mbagala)

Yaelekea hapana. Soma pembeni ya ramani. Ikiwa imeandikwa Arc 1960, huo ndio mfumo wa zamani wa namba za mahali ambao ramani nyingi za Afrika Mashariki zilipimiwa. Google Earth hutumia mfumo mwingine, WGS84. Ukiingiza namba za mfumo mmoja kwenye mwingine bila kuzibadilisha, kiwanja huruka takriban mita 300 kuelekea kaskazini. Mpimaji yeyote ana programu ya kuzigeuza, na ni kazi ya dakika chache. Kiwanja kikiendelea kuangukia kwa watu hata baada ya hapo, ndipo uende ofisi ya ardhi ya halmashauri na maswali yako.

Kihamba chetu, shamba la ukoo, kiko Kibosho. Juu naona kijani tupu. (Msomaji, Moshi)

Na utaendelea kuona kijani tupu. Migomba, mibuni na migrevilea imefunika kila kitu, na setilaiti haioni chini ya majani. Mpaka wenu ni masale, ile mimea iliyopandwa mpakani. Tembeeni na wazee kando yake kabla hawajaondoka, mkipiga picha kila shina kutoka ardhini.

Mimi niko Nyeri. Nimeilaza Registry Index Map, ramani ya mipaka ya mashamba iliyoko kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, juu ya picha ya setilaiti, haikai. Ua wetu wa zamani unapinda, mstari wa ramani umenyooka. Jirani anasema ramani ndiyo sheria. (Msomaji, Kenya)

Swali lako nimelipenda, kwa sababu kwenu picha ya angani ndiyo iliyoizaa ramani. Katika miaka ya 1950, wakati wa mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni ulioitwa Swynnerton, wa 1954, mashamba ya Mkoa wa Kati yaliunganishwa na kugawanywa upya. Kupima kila kipande kwa vyombo kungechukua miaka mingi, hivyo watu walitakiwa kupanda ua kwenye mipaka. Ua ulipokua na kuonekana kutoka juu, ndege zikapiga picha, na ramani zikachorwa kutokana na picha hizo.

Picha nyingi zilikuzwa tu bila kurekebishwa kwa ajili ya vilima, na Nyeri ni vilima vitupu. Kipimo cha bondeni hakilingani na cha mgongoni. Kwenye ramani ya 1:2,500, milimita moja ni mita mbili na nusu shambani. Unene wa kalamu peke yake unakula mita. Kwa hiyo kutokaa kwake juu ya picha ya leo hakumaanishi kwamba kuna aliyeiba.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yenyewe inasema mpaka wa aina hii ni wa kukadiria, na mahakama haisikilizi ugomvi wake kabla Msajili wa Ardhi hajauamua. Andikieni kwake, atawaita nyote wawili na kuja na mpimaji. Na ua huo msiukate hata tawi mpaka afike, maana ndio shahidi mkongwe kuliko ramani.

Nikodi droni? (Msomaji, Unguja)

Angalia kwanza kama picha ipo tayari. Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni katika mradi wa ramani ulioanza 2016, na Kamisheni ya Ardhi ilishiriki. Kwa Dar es Salaam, picha za Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za jiji hilo, zinapatikana wazi kwenye tovuti ya OpenAerialMap. Ukiamua kurusha, rubani awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na jirani aambiwe siku na saa. Uani kwake kuna watu wanaofua na kuogesha watoto.

Baraza litaipokea picha ya Google Earth? (Msomaji, Morogoro)

Inaweza kupokelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, ila utaulizwa ulivyopatikana na ulivyotunzwa. Tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Msipopatana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikawie, kwani dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12, na picha yenye tarehe inaweza kuonyesha ukuta ulianza lini, kwa faida yako au ya jirani. Ichapishe ikiwa na tarehe ya kupigwa na kipimo, hifadhi faili lenyewe bila kulichorea chochote, na aliyelitoa kwenye kompyuta awe tayari kusimama mbele ya baraza kueleza alivyolipata.