Ukifika Japani, usitafute jina la barabara

Mwaka wangu wa kwanza Tokyo, rafiki yangu Mkenya alinialika pilau kwake, upande wa Nakano. Akanitumia anwani. Nikaona mwishoni ina namba tatu zenye vistari katikati, nikajisemea: hii rahisi, siyo kama kwetu kwa "shuka msikitini, kisha uliza kwa Mangi". Nilipotoka stesheni simu ikazima chaji. Nikazunguka karibu saa nzima nikitafuta jina la barabara, na barabara zenyewe hazikuwa na majina. Nikaona nyumba namba 7, inayofuata 8, nikavuka barabara kutafuta 9, nikakutana na 3. Pilau nililikuta limepoa.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nahesabu barabara. Wajapani, karibu nchi nzima, wanahesabu vipande vya ardhi, na barabara ni nafasi tu iliyobaki katikati. Mtanzania aliyewahi kushika hati ya kiwanja ataelewa upesi: Kitalu fulani, Kiwanja namba fulani, hakuna mahali panapotajwa barabara. Anwani ya Japani ni ndugu wa hati hiyo.

Chukua Tokyo Tower: 〒105-0011, Tokyo, Minato-ku, Shibakoen 4-2-8. Unaanza na kikubwa ukishuka. Tokyo ni kama mkoa (nchi ina 47), Minato ni kata, Shibakoen ni mtaa. Ile 4 ni sehemu ya mtaa, wanaiita chome. 2 ni kitalu ndani ya chome. 8 ni jengo. Kwa herufi zetu utaona mara nyingi wameigeuza, namba zinatangulia na Tokyo inakuja mwisho, lakini zile tatu zenyewe hazibadilishani nafasi.

Kwa hiyo tafuta kitalu kwanza. Kuna vibao vidogo kwenye nguzo za umeme na kuta za nyumba vyenye jina la mtaa, chome na kitalu. Ukishakipata, kizunguke, na usivuke barabara hata ukishawishika vipi, maana ng'ambo ni kitalu kingine chenye hesabu yake. Namba za majengo huzunguka kitalu kwa kufuata mshale wa saa, na kinachoangaliwa ni mlango unafunguka wapi. Nyumba mbili zinaweza hata kuwa na namba moja, ndiyo maana jina la jengo na namba ya chumba si pambo.

Utaratibu huo umetokana na sheria ya mwaka 1962, na haujafika kila mahali. Vijijini, na hata baadhi ya mitaa ya mijini, bado wanatumia namba za viwanja vya usajili, ambazo zilitolewa kadiri ardhi ilivyosajiliwa na kugawanywa. Namba 120 inaweza kuwa mbali kabisa na 121. Huko usijifanye mjanja. Ingia koban, kile kituo kidogo cha polisi cha mtaani; wana ramani ya eneo lao na wamezoea kuulizwa. Kyoto nako wana mambo yao: wanataja njia panda, halafu wanakwambia upande, kupanda maana yake kaskazini, kushuka kusini. Mimi nilikupenda.

Sasa postikodi. Ilianza 1968, na tangu 1998 ina tarakimu saba. Ile alama ya 〒 imetokana na herufi yao ya "te", mwanzo wa neno teishin, yaani mawasiliano. Ikariri ya kwako kabla hata ya namba ya simu. Ukijaza fomu mtandaoni unaandika zile saba tu, mkoa, mji na mtaa vinajijaza vyenyewe, unabaki kumalizia namba. Kuna maghorofa marefu ya Tokyo ambayo kila sakafu ina postikodi yake!

Lakini postikodi haimalizi kazi. Kifurushi changu cha kwanza kutoka nyumbani kilirudi kilikotoka kwa sababu sikuandika namba ya chumba, na sanduku langu la barua pale chini halikuwa na jina. Bandika jina lako, kwa herufi zilezile watu wanazokuandikia. Ukihama, peleka taarifa posta. Barua zitakufuata mwaka mzima bila malipo.

Jambo la mwisho ni ramani za ukutani, zile za nje ya stesheni. Nyingi hazijaweka kaskazini juu. Juu ya ramani ni kile kilicho mbele yako unapoisoma ukiwa umesimama pale. Shinjuku nilipotea mara mbili siku moja ndipo nikauona ule mshale mdogo wa kaskazini, umelala kuelekea kulia.