Modemu, ruta, waifai: kipi ni kipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimefungiwa intaneti nyumbani. Fundi aliyekuja alikiita kile kisanduku "modemu", risiti imeandikwa "ruta", na watoto wanasema "waifai" tu. Hata bando likiisha wanasema "waifai imeisha". Binti yangu aliyeko chuoni anasisitiza kwamba Kiswahili sanifu ni "kipanga njia". Nishike lipi? Tena chumba cha nyuma hakishiki vizuri, nataka kununua kifaa cha kuongeza nguvu. Nikifika dukani nikiite nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyekudanganya. Visanduku vya siku hizi vimebebeshwa kazi tatu au nne kwa pamoja, na kila mmoja hapo nyumbani amekiita kwa ile kazi anayoijua yeye.

Fundi amekiita modemu. Kazi ya modemu ni kugeuza ishara: inapokea mawimbi ya mnara wa simu, au ishara zinazopita kwenye waya wa simu, inazigeuza ziwe data ambayo kompyuta inaielewa, na ukituma kitu inageuza tena kwenda nje. Wengi wetu neno hili tulilizoea miaka ile mkongo wa SEACOM, ile kebo ya intaneti ya chini ya bahari, ulipofika Dar es Salaam na Mombasa, 2009, kampuni za simu zikawa zinauza vile vijiti vya kuchomeka kwenye kompyuta, vyenye laini ndani. Vile vilikuwa modemu kwelikweli: kijiti kimoja, kompyuta moja, na mwenzako akitaka intaneti anasubiri uchomoe. Kwa hiyo mtu wa rika hilo akiona chochote kinacholeta intaneti, modemu ndiyo inayomjia mdomoni.

Kama uliyofungiwa ni faiba, kinachogeuza ishara ni kisanduku ambacho mafundi wanakiita ONT. Hiki kinageuza mwanga uliosafiri ndani ya uzi wa kioo uwe ishara za umeme. Kiangalie vizuri, mara nyingi utakuta taa ndogo imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: uzi umekatika mahali, umepindwa mno, au umechomoka. Hapo hata ukizima na kuwasha ruta mara kumi hupati kitu. Piga simu kwa kampuni uwaambie "taa ya LOS ni nyekundu", wala usiseme "waifai inasumbua", maana hiyo ya pili itakupeleka kwenye maswali mengine kabisa.

Risiti imesema ruta, na kwa matumizi ya nyumbani mimi naiunga mkono risiti. Ruta inaunganisha mitandao miwili, wa ndani ya nyumba na ule wa nje, na inaamua data ipi iende kwa nani. Kila simu na kila kompyuta inapewa anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.5, huku kwa nje nyumba nzima kwa kawaida ikionekana kwa anwani moja tu. Kazi hii kile kijiti hakikuwa nayo, na ndiyo inayowawezesha watu sita kutazama vitu sita kwa wakati mmoja. Wapo wanaotamka "rauta". Naandika ruta kwa sababu inakaa vizuri zaidi mdomoni, ila sitagombana na mtu kwa hilo.

Nyuma ya ruta kuna matundu ya kebo, mara nyingi manne ya rangi moja na moja la peke yake. Lile la peke yake ni la kupokea kutoka nje. Yale manne ni swichi iliyojengewa humo humo, na yakijaa unanunua swichi ya kujitegemea, ambayo haikuletei intaneti wala haigawi anwani, inaongeza matundu basi. Dukani taja "swichi ya mtandao", la sivyo muuzaji ataenda kwenye rafu ya vifaa vya umeme akuletee ya kuwashia taa.

Sasa waifai. Hiki si kifaa. Ni njia ya kupeleka data hewani kwa mawimbi ya redio, na jina lilibuniwa 1999 kwa ajili ya biashara. Si kifupi cha maneno yoyote, ingawa wengi wanaamini hivyo. Hapa ndipo uchaguzi wa neno unapoleta faida ya kweli. Simu ikionyesha jina la mtandao wa nyumbani na alama zimejaa lakini hakuna kinachofunguka, sema: "Waifai ipo, intaneti haipo." Tatizo liko upande wa nje, au bando limekwisha. Jina lenyewe lisipoonekana kabisa kwenye simu, geuza: "Waifai haipo", na hapo anza kwa kutazama kama ruta ina umeme. Ukimwambia fundi "mtandao umekata", hajajua lolote bado, kwa sababu neno hilo tumelitwisha minara ya simu, intaneti yote ya dunia na kebo za sebuleni. Na watoto waambie kinachoisha ni bando.

Kuhusu "kipanga njia": limeundwa vizuri kisarufi, kwa mtindo ule ule wa kipaza sauti, na atakayelitumia hajakosea. (Mimi kila nikilisikia namwona kwanza kipanga, yule ndege mwizi wa vifaranga.) Lakini neno la kiufundi linashika likifika pamoja na kifaa chenyewe. King'amuzi kilishika Tanzania kwa sababu mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, watu walilisikia neno na kuhitaji kifaa kwa wakati mmoja. Kipanga njia kimekuja wakati ruta imeshaandikwa kwenye boksi, kwenye risiti na mdomoni mwa fundi. Tena ruta na modemu zimeshaingia kwenye ngeli bila shida: ruta hii imezima, ruta hizi zimezima. Neno likishatii upatanisho hivyo, naliacha lipumzike.

Chumba cha nyuma: usiombe "cha kuongeza nguvu", maana utapewa chochote kilichopo. Ripita inachomekwa ukutani, inadaka waifai iliyopo na kuirusha tena. Ni rahisi kuifunga, ila nyingi zinapunguza kasi, kwa kuwa redio moja inapokea na kutuma kwa zamu. Iweke katikati ya njia, mahali ambapo waifai bado ni nzuri. Ukiiweka chumba chenyewe itarudia udhaifu ule ule. Kama unaweza kuvuta kebo kutoka kwenye ruta mpaka chumba cha nyuma, omba "akses pointi". Hiyo inapokea kwa waya na kurusha waifai yake palepale, na kuta za matofali hazitakuwa na neno tena. Uliza kabisa kama inarusha masafa ya 2.4 na 5 GHz, yote mawili: ya 5 ina kasi lakini inachoka haraka kwenye kuta, ya 2.4 inafika mbali zaidi.