Peni ya kubonyeza inachungulia hata ikifungwa: angalia urefu wa mrija kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nakereza mbao kama hobi tu hapa Tanga, nilianza na peni za kuzungusha zile slimline na zilinitoka vizuri. Sasa binamu yangu alinitumia kutoka Marekani seti mbili za peni za kubonyeza. Moja nimeshaiunganisha kwa mpingo, imependeza, ila ukiifunga ncha bado inachungulia nje kama milimita mbili, shati langu limeshakula wino. Refili ni ileile iliyokuja na seti. Pande za mbao nilisawazisha kwa msasa wa mashine. Shida iko wapi, na nikiagiza tena nichukue seti gani?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Jibu umelitaja mwenyewe, msasa wa mashine. Ule ukigusa mbao kidogo tu umeshakula na shaba ya mrija, ule unaogundishwa ndani ya mbao, na kwenye peni ya kubonyeza mrija ukipungua milimita moja au mbili basi, kila kitu kinasogea mbele.

Slimline ilikudekeza bwana. Pale ukiona ncha haijatoka ya kutosha unazidi kukandamiza ile mashine ya kuzungusha ndani ya mrija mpaka ikae unavyotaka, yaani unarekebisha mwishoni kabisa. Kwenye seti nyingi za kubonyeza nafasi hiyo hakuna, kibonyezo kinafungwa kwa hesi, yaani kwa kuzungusha, kwenye kiungio, na kiungio kinakaa juu ya mdomo wa mrija, kwa hiyo umbali kutoka kibonyezo mpaka tundu la ncha unaamuliwa na urefu wa mrija peke yake. Mrija mfupi, ncha inachungulia hata ikifungwa. Mrija mrefu, au mbao imezidi mrija ukaiacha hivyohivyo, unabonyeza lakini ncha inatoka kidogo sana, ukiandika inaburuza chuma kwenye karatasi.

Sasa kabla ya kupaka gundi pima mrija mpya kwa vania, kile kipimo chenye taya mbili, andika urefu wake pembeni. Ukishagundisha, sawazisha pande kwa ile biti yenye nguzo inayoingia ndani ya mrija na meno ya kukata pembeni, nenda taratibu kwa mkono, ukiona shaba imeanza kung'aa duara zima acha hapohapo usiongeze hata mzunguko mmoja. Pima tena. Ukikuta imepungua wakati bado hujakereza hujapoteza kitu zaidi ya mrija na kipande cha mbao, ukikuta imepungua baada ya kukandamiza vyuma ndio unakuja kuniuliza mimi.

Hiyo ambayo tayari ina shida, fungua kibonyezo uweke ringi nyembamba ya shaba kati yake na kiungio, au kati ya kiungio na mbao kama kinatoka bila kuvunja kitu. Ringi unaikata kwenye mrija wowote uliobaki wenye upana unaolingana, milimita mbili hizo zinapatikana. Wapo wanaokata kitako cha plastiki cha refili, inafanya kazi ndio, lakini kila refili mpya unarudi kwenye wembe na ukimpa mtu zawadi hatajua, mimi siipendi.

Hapo kwenye refili hebu tukae kidogo maana ndipo watu wanapoliwa hela. Seti nyingi za kubonyeza zinatumia refili ya aina ya Parker, urefu wake ni karibu milimita 98, na aina hiyo inaitwa pia G2. Halafu kuna peni ya Pilot inaitwa G2 na yenyewe, refili yake ni ndefu zaidi, ya plastiki, haiingii kabisa. Mtu anaona G2 dukani ananunua boksi zima. Wewe uliza "aina ya Parker", Schmidt easyFlow 9000 ni ya aina hiyo na inateleza vizuri. Slimline zako zinatumia refili nyembamba za aina ya Cross kwa hiyo zile za akiba ulizonazo usizihesabu hapa.

Kuhusu kuchagua: chukua seti ya mrija mmoja. Ya mirija miwili ina pande nne za kusawazisha na kila upande ni nafasi ya kukosea, ya mrija mmoja pande mbili tu. Angalia pia biti ya kutobolea inayotakiwa kabla ya kulipa, slimline ni milimita 7 lakini nyingi za hizi zinataka kubwa zaidi, mfano ile bolt action ya Penn State Industries, ambayo badala ya kubonyeza unavuta kijiti kama cha bunduki, inataka inchi 3/8, na bushi zake, zile pete za chuma zinazokaa pande mbili za mbao wakati wa kukereza kukuonyesha unene, ni zake peke yake. Binamu akisahau bushi umekwama. Chuma chukua kromu, ile dhahabu ya bei rahisi kwa joto na jasho la Tanga itachujuka mapema.

Mpingo ni sawa kabisa ila ni mgumu na unashika joto, ukitoboa kwa haraka unapasuka. Biti kali, mwendo mdogo, toa biti kila mara umwage unga, na acha kipande kiwe kirefu kuliko mrija ili biti ikitokea upande wa pili ipasue sehemu utakayoikata. Ndani ya tundu pitisha asetoni kwanza kwa sababu ya mafuta yake, mrija usugue kwa msasa, tumia gundi ya epoksi. Mdomo wa mrija uzibe kwa kuuchomeka kwenye kipande cha kiazi kibichi, gundi isiingie ndani, maana tone moja likigandia humo refili inakwama na springi hairudishi, utadhani kibonyezo kibovu.

Kukandamiza tumia jiliwa lenye vibao viwili mdomoni. Anza na upande wa ncha, kisha klipu na kiungio, lakini kiungio kisukume nusu tu kwanza, kikiingia upande kitapasua mpingo. Kinyooshe ndio umalizie. Hiyo seti ya pili usiiguse mpaka umepima mrija wake.