Kudai makato ya ovadrafti benki: kipi ni changu, na ile asilimia 8 ya juu niipeleke wapi?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi natokea Mombasa ila naishi Leicester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Miaka mingi niko kwenye ovadrafti, yaani natumia pesa za benki kupita zilizomo kwenye akaunti, mshahara ukiingia unafukia deni na mwezi haujaisha nishazama tena, na benki wananikata riba kila mwezi, zamani kulikuwa na zile chaji za kila siku pia. Nililalamika kwamba walikuwa wanaiona hali yangu na bado wakaniongezea kiwango cha kukopa. Sasa wamekubali, barua inasema watarudisha riba na chaji zote, juu yake asilimia 8 kwa mwaka, na pauni 100 za usumbufu. Mume wangu anasema niache, nilitia saini mwenyewe na subira ni bora. Shoga yangu anasema chukua zote. Na mdogo wangu naye anataka kudai, kuna kampuni imemwambia watamwandikia barua kwamba alikuwa hana hata chakula, na si kweli. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Swali lako limenigusa manake watu wengi wanaonijia na mambo ya benki huwa wanauliza kitu kimoja tu, halali au haramu, basi, lakini wewe umeleta pesa za aina tatu ndani ya barua moja na kila moja ina hukumu yake, kwa hiyo nivumilie nikizungumza kwa urefu.

Nianze na shemeji yangu, mumeo, kwa heshima zote. Subira aliyoitaja ni jambo kubwa sana ila hapa sio mahali pake. Allah anasema katika Suratul Baqara aya ya 279, anazungumza na wale wanaokula riba, kwamba mkitubu basi haki yenu ni rasilmali zenu, msidhulumu wala msidhulumiwe. Angalia vizuri, mkopeshaji haki yake ni rasilmali yake peke yake. Yaani ile pesa benki waliyokuazima ulipozidisha akaunti, hiyo ni yao na ni wajibu uirudishe yote mpaka senti ya mwisho, lakini kile walichokata juu yake kwa sababu tu ulikuwa unadaiwa, kisheria ya dini hakijawahi kuwa mali yao. Kilitoka mfukoni mwako na bado ni chako. Kwa hiyo ukirudishiwa hujachukua cha mtu.

Hoja ya saini naielewa, Waislamu tunaambiwa tutimize mikataba. Lakini Mtume salallahu alayhi wasallam alisema katika kisa cha Barira, mjakazi aliyetaka kununua uhuru wake, kimo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba sharti lolote ambalo halimo katika Kitabu cha Allah ni batili hata yakiwa masharti mia. Saini yako haiwezi kuifanya riba iwe haki ya benki. Ila hiyo saini ina upande wa pili ambao unakuhusu wewe, manake hadithi ya Jabir kwa Muslim inamtaja mlaji wa riba na mwenye kuilisha pia, kwa hiyo kuna istighfari ya kufanya hapo, nami sisemi hivi kukuumiza, najua mshahara wa kazi hizo na najua kodi za nyumba za huko.

Na kulalamika sio utovu wa adabu. Mtu mmoja alikuja kumdai Mtume ngamia wake akawa mkali kwa maneno, maswahaba wakataka kumshughulikia, Mtume akasema mwacheni, hakika mwenye haki ana la kusema. Kama huyo aliachwa aseme mbele ya Mtume mwenyewe, wewe kuandika barua ya adabu kwa benki kuna ubaya gani?

Hapa lazima niseme kidogo mambo ya sheria za Uingereza kwa sababu wengi wanasikia watu walirudishiwa zamani wakadhani ni vile vile. Miaka ya 2006 na 2007 watu walidai kwa wingi sana kwamba chaji ni kubwa mno, benki zikawa zinarudisha, mpaka kesi ikafika Mahakama ya Juu na Novemba 2009 benki zikashinda, mahakama ikasema chaji zile ni sehemu ya bei ya huduma kwa hiyo haziwezi kupimwa kwa kanuni ile ya masharti yasiyo ya haki. Hoja ya "chaji kubwa mno" peke yake ikafa hapo. Halafu Aprili 2020 msimamizi wa mambo ya fedha akapiga marufuku zile chaji za siku na za mwezi, ikabaki riba moja ya mwaka, na benki nyingi zikaiweka karibu asilimia 40! Subhanallah, watu wakashangilia chaji zimeondoka kumbe riba imepanda mchana kweupe. Kinachosimama leo ni hoja uliyotumia wewe, kwamba benki ilikuwa inaona mteja hatoki kwenye deni mwaka baada ya mwaka na ikaendelea kumkopesha na kumkata. Na hiyo hoja wallahi iko karibu sana na aya ya 280 inayofuata ile niliyotaja, kwamba mdaiwa akiwa na dhiki basi apewe muda mpaka apate wepesi. Wao badala ya wepesi walikuongezea kiwango.

Kwa hiyo fungu la kwanza, riba na chaji za kudaiwa wanazorudisha, chukua, halali yako, kula, lipa deni, peleka kwa mama Mombasa. Ila kama ndani yake wamerudisha na ada ya kazi waliyokufanyia kweli, tuseme kadi ilipotea wakakutengenezea nyingine, ile ilikuwa ujira na sio riba, usiende kuidai kama dhulma. Wakiirudisha wenyewe kwa ridhaa yao hakuna neno.

Sasa asilimia 8, na hapa ndipo penye uzito. Hicho ndicho kiwango ambacho Financial Ombudsman Service, wale wasuluhishi wa malalamiko ya fedha, walikizoea kwa miaka mingi mpaka mwisho wa 2025, na benki nazo zikawa zinakifuata. Kuna ndugu zetu wanasema ni halali na wana hoja mbili. Ya kwanza ni mwisho wa hadithi ile ile ya ngamia, kwamba walipotafuta hawakupata ila ngamia bora kuliko wake, Mtume akasema mpeni, mbora wenu ni mbora wenu wa kulipa. Wanasema basi nyongeza wakati wa kulipa ni ihsani. Naam, lakini ngamia yule hakuhesabiwa kwa muda, hakuna aliyesema kwa kila mwaka uliochelewa ongeza kiasi fulani. Hii ya benki inahesabiwa kwa asilimia na kwa miaka pesa ilipokaa kwao, mwenye miaka miwili anapata kidogo na mwenye miaka sita anapata zaidi. Hiyo sura ndiyo sura ya riba yenyewe, akibadilika mlipaji haibadiliki hukumu. Majmaa al-Fiqh wa Jeddah, lile baraza la wanazuoni wa fiqhi, mwaka 1985 walisema wazi kwamba kuongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba. Hoja ya pili wanasema pesa imeshuka thamani, pauni ya miaka ile sio ya leo. Nalo Majmaa wamelijibu katika kikao cha Kuwait 1988, kwamba deni la sarafu hulipwa kwa idadi yake na sio kwa thamani yake. Mimi niko na kauli hii na moyo wangu umetulia nayo.

Lakini usiwaachie benki! Ipokee, itenge, uitoe kwa mafukara au jambo la manufaa ya watu, kwa nia ya kujisafisha na sio sadaka ya kutafuta thawabu. Usiilipie zaka yako, usiwape watoto wako wala mtu ambaye matumizi yake yako juu yako. Jamaa fukara ambaye humlei wewe, anafaa. Kawaida wanakata kodi ya asilimia 20 kwenye hiyo 8 kabla hujalipwa, basi utatoa kile kilichokufikia, na ukija kurudishiwa hiyo kodi baadaye nayo itoe. Waombe mchanganuo kwa maandishi ujue ipi ni ipi, usikisie.

Zile pauni 100, wanazuoni wengi wa zama hizi wanakubali fidia ya hasara ya kweli ya mali, hawakubali kuuza huzuni kwa bei. Basi hesabu, nauli ulizopoteza, faini ya kodi ya nyumba iliyochelewa kwa sababu wao walikata kwanza, hizo ni zako bila shaka. Zilizobaki, ikiwa wamezitoa wenyewe kama kuomba radhi, mimi naona ni zawadi na hakuna ubaya, ila ukitaka kujihadhari zaidi zitoe pia.

Mdogo wako amwache huyo jamaa wa kampuni leo leo. Kuandika alikosa chakula na hakukosa ni uongo na ni kula mali kwa batili, hata kama anayedanganywa ni benki. Mtume alikuwa akijikinga sana na deni, alipoulizwa akasema mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo na huahidi akavunja. Aandike mwenyewe yaliyomtokea kweli, aiambatanishe taarifa ya akaunti, benki wana wiki 8 za kujibu, wakikataa ana miezi 6 tangu jibu lao la mwisho kwenda kwa Ombudsman na ni bure kabisa, wakati kampuni hizi zinakata fungu kubwa. Asikae sana, kwa kawaida wanaangalia miaka 6 nyuma, au miaka 3 tangu alipojua ana haki ya kulalamika.

Na wewe dada, pesa ikifika kwanza funika deni, halafu waandikie waifute ovadrafti yote, wasiseme tutapunguza. Wakikusumbua, benki kubwa za huko zinatakiwa na sheria kutoa akaunti ya msingi isiyo na ovadrafti wala chaji malipo yakikataliwa kwa kukosa pesa, omba hiyo kwa jina lake, manake mara nyingi hawakuambii mpaka uulize. Ukikwama kwenye mchanganuo niletee barua niisome, ufiche jina na namba ya akaunti. Wallahu aalam.