Huzuni Hii ni Kazi ya Nani?

Inasimuliwa kwamba Iskandar Mkuu, yule mfalme wa Makedonia, alipohisi mauti yanamkaribia, alimwandikia mama yake barua. Alimtaka ajenge mji mkubwa, aandae karamu ya kutosha watu wa nchi zote, na aalike kila mtu kwa sharti moja: asije aliyewahi kufikwa na msiba. Siku ikafika, chakula kikaiva, na hapakutokea hata mmoja. Mama akauliza kulikoni. Akajibiwa kwamba sharti ni lake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hayupo. Hapo akafahamu kuwa mwanawe amemtangulizia rambirambi.

Kama kweli yalitokea au ni hadithi tu, kwangu si neno. Kisa hicho nilikikuta kwenye waraka wa al-Kindi kuhusu mbinu za kuondoa huzuni. Al-Kindi ni yule aliyeitwa Mwanafalsafa wa Waarabu, mtu wa Iraq, aliyefanya kazi Baghdad zama za Bani Abbas na kufariki karibu mwaka 873. Aliandika tiba, hesabu, nyota, muziki, kila kitu. Waraka huu ni mfupi, alimwandikia rafiki aliyemwomba ushauri, na ndio ninaourudia kuliko vitabu vinene.

Huku kwetu Pemba mwenye huzuni huambiwa "subiri" na "ndiyo mipango ya Mungu". Ni maneno ya kweli, nami huyasema. Lakini wengi huyasema ili mazungumzo yaishe, na mwenye dhiki hubaki pale pale alipokuwa. Al-Kindi naye alikuwa Muislamu, hakuyapinga. Alichofanya ni kutia swali kabla yake: jambo hili linalokuhuzunisha ni tendo lako au tendo la mwengine? Kama ni lako, liache. Kama ni la mwengine na unaweza kulizuia, lizuie. Kama huwezi, basi usihuzunike kabla halijafika, maana huenda lisifike, na utakuwa umejitia huzuni ambayo hakuna aliyekupa.

Ukilisoma hivi hivi unaweza kusema mbona hili liko wazi. Ngoja ufike msimu wa karafuu. Usiku watu wamekaa wanachambua, makonyo, yaani vile vijiti vyake, huku, karafuu kule. Asubuhi zimeanikwa juu ya majamvi, zinataka jua la siku kadhaa mpaka zigeuke rangi na kukauka vizuri. Wingu likipanda tu, jirani yangu hali, halali. Zikilowa zitapoteza rangi, zitashuka daraja, na bei ya daraja la chini anaijua. Mwaka mmoja nikamuuliza swali la al-Kindi. Mvua si kazi yake. Bei pia si kazi yake, kwa sababu mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake na bei hupangwa na serikali. Kazi yake ni turubai, ni mtu wa kukaa karibu na jamvi, na ni kutoanika zaidi ya anazoweza kuzianua kwa mara moja wingu likija. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, hilo la mwisho hata marehemu mume wangu akilisema, na huyo Mkindi wako hajamsoma."

Sawasawa kabisa. Sidhani kuna jambo katika waraka ule ambalo wazee wa Wawi au Konde hawajapata kulisema. Faida ya kulisoma ni kwamba unapewa hatua za kufuata saa ambayo akili yako haifanyi kazi.

Karafuu ni rahisi. Watu ndio kazi. Mtoto wa ami yangu alivunjiwa posa, na mahari yalikuwa yameshazungumzwa. Alikuja kwangu Chake, akakaa, akaanza, "Dada, mimi najiuliza nina kasoro gani." Nilimwacha aseme mpaka akachoka, kisha nikamuuliza kuvunja posa ni tendo la nani. "Lao." Na maneno ya mtaani? "Ya watu." Na kufungua simu kila usiku kutazama stetasi za WhatsApp za yule bwana? Akanuna. "Unanilaumu, dada."

Hapa ndipo swali hili linapoharibika mikononi mwa watu, kwa hiyo nilieleze vizuri. Mwenye kulaumu anakwambia uliyataka mwenyewe. Mwenye kugawa lipi tendo lako na lipi la wengine anakubali kuwa umedhulumiwa, kisha anatafuta sehemu ndogo ambayo iko kwako, kwa sababu ndiyo pekee unayoweza kuigusa leo. Yule binti hakuwa na mkono katika posa kuvunjika, ila ile simu ya usiku ilikuwa yake. Alipoiacha huzuni haikwisha, lakini akaanza kulala, na mtu aliyelala hufikiri vyengine kabisa.

Kuna mahali sikubaliani na al-Kindi. Anasema mali na wapenzi wetu ni vitu vya kuazimwa, Mwenyewe akivitaka huvichukua, basi mwenye kuazimwa hana haki ya kununa. Epictetus, Mgiriki aliyewahi kuwa mtumwa huko Roma, alishasema kabla yake: usiseme nimekipoteza, sema nimekirudisha. Nasi kila tukisikia habari ya kifo tunasema sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni ile haraka yake, anavyoihesabu huzuni kama tabia ambayo mtu akiamua ataivua. Mtume (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema kuwa jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kwa hiyo matangani silipeleki swali lile. Napeleka uji, nasaidia kuosha vyombo.

Kwenye husda, kinyume chake, nalitumia bila huruma, khasa juu ya nafsi yangu. Tunasema hasidi hana sababu. Al-Kindi angesema anayo: anahuzunika kwa kukosa kitu ambacho hata hakikuwa chake. Mwenzangu wa skuli akipandishwa cheo mimi nikabaki, kupandishwa kwake ni tendo la wakubwa. Kuhesabu kasoro zake njia nzima ndani ya daladala ni tendo langu, na kituo changu hakijawahi kuwa mbali kiasi cha kuzimaliza.

Yule binti sasa ana jengine. Upande wa mwanamume wanataka mkufu wao urudishwe. Ami anasema walioacha ni wao, haurudi kitu. Mimi nasema urudi, maana kila akifungua kabati anaukuta. Binti mwenyewe anataka kuuuza aongeze cherehani ya pili. Jumapili tunakwenda Wete kulizungumza, na ami ameshasema huyo al-Kindi asitajwe.