Swali la lugha: Je, panya alipata "msongo wa oksijeni"?

SWALI: Natafsiri muhtasari wa utafiti wa maabara kuhusu panya na vumbi la madini. Nimeandika hivi: "Mavumbi ya silika yanayopumuliwa husababisha msongo wa oksijeni katika chembe za mapafu ya panya." Mhariri ameizungushia sentensi nzima wino mwekundu bila kutoa maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Kisarufi sentensi imesimama, na upatanisho wa kisarufi hauna kasoro. Kinachoyumba ni maana, tena mahali kadhaa kwa wakati mmoja.

Zito zaidi ni "msongo wa oksijeni". Kwa kuwa habari ni ya mapafu, msomaji ataelewa kwamba panya alipungukiwa hewa, jambo ambalo utafiti haukusema. Uso wa chembe ya silika iliyovunjika karibuni una bondi zilizokatika, yaani viungo kati ya atomi, na ukikutana na maji huzalisha radikali za haidroksili, molekuli tendaji za oksijeni zinazoharibu zinachokigusa. Chembe hiyo ikifika kwenye vifuko vya hewa hukutana na makrofaji, yaani seli zinazosafisha mapafu. Makrofaji huimeza na kuimwagia supaoksaidi, molekuli nyingine tendaji ya oksijeni, silaha ileile inayotumika kuulia bakteria. Bakteria angekufa, lakini silika haimeng'enywi. Kifuko cha umeng'enyaji ndani ya seli hupasuka, seli hufa, na chembe hutoka ikiwa nzima, tayari kumezwa na makrofaji nyingine. Wakati huohuo supaoksaidi hugeuka kuwa haidrojeni peroksaidi, na penye madini ya chuma hiyo nayo huzaa radikali za haidroksili zinazoshambulia mafuta ya utando wa seli, protini na DNA. Mapafu yana kinga dhidi ya hayo, kama vile kimeng'enya cha katalasi na glutathioni. Uzalishaji unapoizidi kinga hiyo ndipo watafiti wanaposema kuna msongo.

Kinachosonga hapo ni uoksidishaji. Andika "msongo wa uoksidishaji", na mara ya kwanza ueleze: hali ambapo molekuli tendaji za oksijeni huzalishwa kupita uwezo wa seli kuzidhibiti. Wapo wanaopenda "mkazo" badala ya "msongo". Hakuna ubaya, ila ukichagua moja usiliache katikati ya ukurasa. Usiite glutathioni "kiondoa sumu", kama matangazo ya vyakula lishe yanavyopenda. Ni kizuia uoksidishaji.

"Chembe" nayo inahitaji uangalifu, kwa sababu Kiswahili kimeibebesha mizigo miwili. Tuna chembe ya vumbi, na tuna chembe hai, chembechembe nyeupe za damu na kadhalika. Katika makala ya kawaida haileti shida. Katika makala hii utajikuta umeandika "chembe zilimezwa na chembe", na msomaji hatajua nani kamla nani. Iachie vumbi "chembe", na kila penye uhai tumia "seli". "Silika" pia lina maana nyingine ya zamani, tabia ya kuzaliwa nayo. Mara ya kwanza andika "madini ya silika". Baada ya hapo halitamchanganya mtu. Kama matini asilia inataja silika ya fuwele, yaani ile ambayo atomi zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, usiliache neno "fuwele", kwa sababu silika isiyo ya fuwele haina ukali uleule.

Kuhusu "mavumbi": vumbi la aina moja lililopimwa maabara ni "vumbi la". "Mavumbi" yanafaa yakiwa mengi yaliyotanda, au ya aina mbalimbali.

"Yanayopumuliwa" halitoshi, kwa kuwa kupumua ni kuingiza hewa na kuitoa. "Lililovutwa pamoja na hewa" linaonyesha upande. Lakini kabla ya kuandika hivyo, fungua sehemu ya mbinu za utafiti. Tafiti nyingi za aina hii hazimwachi panya avute vumbi. Silika huchanganywa na maji ya chumvi, panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, kisha mchanganyiko hutiwa kwa sindano moja kwa moja kwenye trakea, yaani bomba la hewa liendalo mapafuni. Hapo "lililovutwa" ni uongo, andika "lililotiwa kwenye trakea". Tofauti ni kubwa: panya hupumua kwa pua tu, na pua hiyo huchuja chembe nyingi kubwa ambazo sindano inazipitisha bila kizuizi.

Angalia pia umoja na wingi. Mara nyingi pafu moja hukatwa vipande vya kutazamwa kwa hadubini na jingine husagwa kwa vipimo vya kemia. Pafu la kushoto la panya wa maabara halina migawanyo, la kulia lina sehemu nne. Matini ikisema pafu la kushoto, usiandike "mapafu" kwa mazoea.

Sasa panya mwenyewe. Neno letu humjumlisha yule mkubwa, Rattus norvegicus, na yule mdogo, Mus musculus. Taja jina la kisayansi mara moja, basi. Usikimbilie "panya buku" kwa ajili ya yule mkubwa, maana msomaji wa Tanzania atawaona wale wa Morogoro wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ambao ni mnyama mwingine kabisa. Kutofautisha si madoido. Vumbi la titani dioksaidi kwa kiwango kikubwa lilileta uvimbe wa saratani kwenye mapafu ya Rattus, ila si kwa Mus wala hamsta.

Hapo ndipo "husababisha" linapoponza. Kiambishi hu- hutangaza kanuni ya siku zote, kwa wote. Matokeo ya jaribio yanataka -li-: "lilisababisha". Kwa binadamu kuna ushahidi wake wenyewe: mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la 1, la visababishi vya saratani. Ushahidi huo uandikwe kwa sentensi yake.

Kama panya walivuta vumbi kweli, sentensi iwe: "Vumbi la silika ya fuwele lililovutwa pamoja na hewa lilisababisha msongo wa uoksidishaji katika seli za mapafu ya panya wa maabara, Rattus norvegicus."

Ukifika kwenye vipimo, kiasi cha vumbi hewani ni miligramu kwa mita ya ujazo. "Mita ya mraba" hupima sakafu, na kosa hilo huwapita hata wahariri wenye wino mwekundu.