Farasi arudiye nyuma

SWALI: Farasi wangu ni mtulivu, ila ng'ombe aliyezaa akimjia, hurudi nyuma kwa kasi. Nitakaguaje ndama?

JIBU: Hana kosa, mama wa ndama mchanga hushambulia kweli. Msogelee kwa pembeni, mwendo wa kutembea, na ukiona ameinamisha kichwa na kukwaruza ardhi kwa kwato, simama hapo hapo. Ukilazimika kushuka, kwanza kaza mkanda wa tandiko, kisha mweke farasi kati yako na ng'ombe. Hatamu ishike tu. Ukiizungusha mkononi na farasi akashtuka, vidole vitakwenda nayo. Mitamba wanaozaa mara ya kwanza wapitie kila saa 2 au 3. Ndama aliyesimama na kunyonya, mwache.